Peugeot 404 ya marehemu baba imelala bandani Kibosho tangu 1977, naanzia wapi?

KiboshoYetu:
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, naomba mawazo yenu kabla sijaharibu kitu.

Nyumbani Kibosho kuna Peugeot 404 ya marehemu baba, sedani ya mwaka 1968, gia za kwenye usukani. Aliinunua 1972 ikiwa imeshatumika, akaiegesha 1977 na haikutoka tena. Mimi nimezaliwa 1979, kwa hiyo sijawahi kuiona ikitembea. Kwetu watoto ilikuwa nyumba ya kuchezea: kuku wanataga siti ya nyuma, sisi tuko mbele tunaendesha kwenda Nairobi. Baba alifariki 1998 na hakuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza habari za ile Pijo.

Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa alileta mtu wa chuma chakavu, akaizunguka mara mbili akiipigia hesabu ya kilo. Mama akatoka nje na jembe. Sisemi kwa mfano, alishika jembe. Baada ya kikao tumekubaliana kwamba nina muda hadi Desemba, watu watakaporudi nyumbani wakute inawaka, la sivyo iondoke.

Hali yake: bodi kwa juu si mbaya, ila sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu hadi unaona ardhi. Tairi zimepasuka. Tangi lina kitu kinanuka kama vanishi ya fanicha. Banda linapakana na zizi la ng'ombe, ukuta ni mmoja.

Kuna fundi wa Pasua amesema tusipoteze muda. Amwage oili kwenye matundu ya plagi, ilale usiku mmoja, kesho yake tuifunge kwenye trekta tuivute kwa gia ya pili. "Itashika tu, hizi zilikuwa ngumu." Anataka laki tatu na anataka iwe Jumamosi hii. Bajeti yangu yote ni milioni nne, nazo zinakuja kwa vipande. Nimruhusu?

Mtoto wa Njoro:
Milioni nne tafuta nyingine juu yake ununue Toyota IST. Hiyo izikeni kwa heshima.

KiboshoYetu:
Njoo umwambie mama, jembe bado lipo mlangoni.

Fundi wa Unga Ltd:
Mkuu, usimruhusu. Nipo gereji Arusha mwaka wa kumi na tisa huu, na injini nilizoona zimevunjwa kwa trekta ni nyingi kuliko zilizowashwa kwa trekta. Ringi (pete za pistoni) zikiwa zimegandana na silinda kwa kutu, mkono wako utahisi ugumu na utaacha. Trekta halihisi kitu. Litavuta hadi ringi zikatike au pistoni ipasuke, halafu utaambiwa "ilikuwa imeshakufa".

Na hiyo oili ya usiku mmoja ni kujifariji. Injini ya 404 imelazwa upande, nyuzi 45, si wima kama za Toyota. Ukimwaga oili kwenye tundu la plagi inatelemka na kukaa upande wa chini wa silinda, ule wa juu unabaki mkavu. Changanya oili ya gia otomatiki na dizeli, weka kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kisha toa plagi zote, weka gia huru, zungusha kwa hendeli taratibu, mbele na nyuma, nusu inchi tu kwanza.

Wakati unasubiri, shughulikia mafuta. Hiyo petroli iliyogeuka vanishi isifike kwenye kabureta hata tone. Shusha tangi chini. Na hapa nasisitiza: tangi la petroli lisichomelewe kwa sababu tu ni tupu au limekaa miaka mingi. Mwenzetu mmoja alilipa somo hilo kwa ngozi ya mikono yote miwili. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, litiwe kokoto ndogo na kutikiswa litoke kutu. Kama lina tundu, mpe anayejua kazi ya matangi.

Halafu hilo zizi. Hewa ya mkojo wa ng'ombe inakula shaba. Rejeta, vichwa vya waya, pointi za distribyuta, vyote hivyo vikague kwa makini hata kama kwa macho ni vizima. Mimi ningeweka wayaringi mpya yote. Gari lile halina vitu vingi vya umeme, fundi mzuri anamaliza kwa siku tatu.

Breki usijaribu hata kidogo na zilizopo. Raba zote za masta (pampu kuu ya breki) na za magurudumuni nje, mabomba ya raba mapya. Ukiosha zile silinda za breki usitumie petroli wala dizeli, zinavimbisha raba. Tumia oili ya breki yenyewe au spiriti. Vumbi la ndani ya drami usilipulize kwa kompresa, breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha maji, futa.

Mtoto wa Njoro:
Kumbe kuna watu wanajua. Nimekaa hapa nasoma.

Mama Mirathi:
Kabla hujanunua hata plagi moja, kadi ya gari iko wapi na ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu na hamkuwahi kufungua mirathi, gari hilo si la kwako wala la kaka yako. Muhtasari wa kikao cha familia, kisha mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayehamisha umiliki TRA. Ukoo wenye maelewano hauchukui muda mrefu. Ninachokijua ni kwamba gari bovu halina mwenyewe, likishawaka tu warithi wanaongezeka. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba unadaiwa mpaka leo. Ya nyuma ya hapo kaulize dirishani TRA ukiwa na kadi mkononi.

KiboshoYetu:
Kadi ipo, mama anaihifadhi ndani ya Biblia. Jina la baba. Asante dada, hilo sikuliwaza kabisa.

Mzee wa Pijo:
Salaam. Nimesoma yote. Fundi wa Unga Ltd amesema vizuri, lakini nyote mmeruka swali la kwanza. Gari lilisimama kwa nini?

Mtu haegeshi gari zima akaliacha. Kuna jioni moja baba yako alilizima akijua lina kasoro. Ikiwa ni klachi, hayo ni mengine. Ikiwa ni maji kuingia kwenye oili, hayo ni mengine kabisa. Muulize mama yako. Usimuulize "lilikuwa na tatizo gani", atakwambia hajui mambo ya magari. Muulize siku ya mwisho lilipotembea walikuwa wanatoka wapi.

Na huo mwaka 1977 umenigusa. Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa Novemba 1983. Sisi wa Moshi tulizoea kufuata spea za Pijo Nairobi, unakwenda na kurudi. Siku moja njia ikakatika. Nimeona magari mazima yakigeuka mabanda ya kuku kwa kukosa kitu cha kushika mkononi. Hata mwenye gari zima alikuwa na taabu zake: mafuta ya shida, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Vijana mkisikia mnadhani tunatunga.

Wanaosema izikwe niwakumbushe tu kwamba 404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 na ya 1968, kila moja magari saba tu ndiyo yalifika mwisho. Na aliyeshinda 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa wa hapa hapa Tanganyika, akiishi Dar es Salaam. Tope la mlimani kwenu hilo gari halikulishangaa.

KiboshoYetu:
Shikamoo mzee. Nitampigia mama leo jioni.

KiboshoYetu:
Wakuu, nimerudi, na nilipanda Kibosho mwenyewe badala ya kupiga simu.

Nilimuuliza mama kama mzee alivyoelekeza. Hakufikiri hata sekunde. Walikuwa wanatoka Himo sokoni, na ndizi na mtoto mgonjwa (ndiye kaka yangu huyu huyu wa chuma chakavu). Walipoanza kupanda mlima gari likachemka, likatoa moshi mweupe kwa nyuma, wakalala njiani. Baba na jirani wakafungua kichwa cha injini hapo bandani. Gasketi, ile ya kuziba kati ya kichwa na bloku, ilikuwa imeungua. Akampa pesa dereva wa lori amletee nyingine kutoka Nairobi. "Wiki ile ile mpaka ukafungwa. Pesa hatukuiona, gasketi hatukuiona, na yule dereva hatukumuona."

Kisha akaongeza, kama anazungumzia sufuria: "Baba yako akarudisha kile kichwa juu ili panya wasizalie humo."

Nikachukua spana nikafungua kava ya juu. Roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, hazipo. Bolti za kichwa zipo mbili tu, na nilizizungusha kwa vidole. Roka na bolti nyingine nimezikuta butini kwenye gunia la kahawa, zimepakwa grisi, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwa macho injini ilionekana kamili. Jumamosi tungeifunga kwenye trekta ikiwa hivyo.

Mtoto wa Njoro:
Aisee.

Mzee wa Pijo:
Marahaba kijana. Sasa nisikilize vizuri na usiguse kitu kwanza.

Laina za injini hiyo, yaani yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, hazikubanwa ndani ya bloku. Zimesimama huru, maji yanazizunguka, na kinachozishika zisipande ni kichwa peke yake kikiwa kimekazwa. Chini zina pete za kuzuia maji. Kichwa kikiwa kimelegea, ukizungusha krenki pistoni inapanda na laina yake, pete za chini zinaachia, na siku utakayojaza rejeta maji yote yanaishia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Utafunga gasketi mpya, utawasha, na utaona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Utamlaumu fundi wa watu.

Kwa hiyo hakuna trekta, na hendeli pia hakuna. Toa kichwa, tengenezesha vipande vya chuma vya kubana laina kutoka juu, vifungwe kwa bolti zile zile za kichwa. Baada ya hapo ndipo uanze kulainisha silinda na kuzungusha.

Fundi wa Unga Ltd:
Hapo nakiri. Nilikwambia uzungushe kwa hendeli, futa hilo. Nilikuwa nahesabu injini iliyofungwa. Shikamoo mzee.

Nyongeza: kwa miaka yote hiyo mimi ningetoa laina zote nje nibadilishe pete za chini, maana raba ya tangu 1977 haina kazi tena, na chini ya laina lazima kuna tope la kutu. Ukizirudisha, laina zinatakiwa zitokeze juu ya uso wa bloku kidogo sana, zote kwa kiasi kimoja. Hiyo inapimwa, haikadiriwi. Kichwa ni cha aluminiamu na kilishachemka, kipeleke mashine kikaangaliwe kama kimepinda, kipigwe skimu, yaani uso wake usawazishwe. Gasketi na pete tafuta Nairobi, Pijo za zamani kule bado zipo.

Petroli ya sasa isiyo na risasi isikuogopeshe, siti za valvu kwenye kichwa hicho ni za chuma kigumu zilizopachikwa. Difu (gia za ekseli ya nyuma) mwage oili, weka oili ya gia namba 90 ya kawaida, basi.

Mzee wa Pijo:
Marahaba, lakini difu hapana! Difu ya 404 si kama ya magari uliyozoea. Ndani mna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingi za difu za siku hizi zina dawa ya salfa kwa ajili ya meno ya chuma juu ya chuma, na dawa hiyo inakula shaba nyeusi polepole. Zamani tulitia oili yake maalumu, iliyotokana na mbarika. Sasa ukienda dukani uliza iliyoandikwa kwamba haidhuru shaba, na muuzaji akikujibu "zote sawa" toka nenda duka jingine.

Fundi wa Unga Ltd:
Mzee, nimefungua difu tangu niko kijana na hilo sikulijua. Pijo sijawahi kupata, kwangu ni Land Rover na Toyota. Naandika kwenye daftari.

Mtoto wa Njoro:
Swali la asiyejua: rangi je? Si mngeanza na rangi ili mama aione inapendeza?

Fundi wa Unga Ltd:
Rangi ni ya mwisho kabisa. Sakafu ikatwe pale ilipooza, kishonwe kipande kipya cha bati. Asije mtu akajaza puti juu ya kutu, itadondoka kwenye tuta la kwanza.

KiboshoYetu:
Fundi wa Pasua nimempigia, amekasirika, amesema nimeharibiwa akili na watu wa mitandaoni. Sawa.

Nimempa mchomeleaji wa Bondeni vipimo vya vile vyuma vya kubana laina, anasema keshokutwa viko tayari. Gasketi, pete na raba za breki nimemwagiza binamu anayeendesha basi la Nairobi, na safari hii nitamlipa mzigo ukifika, si kabla. Mirathi: kikao ni Jumapili baada ya misa, kaka amekubali mama awe msimamizi. Ameanza hata kuuliza nani atakaa usukanini siku ya kuiteremsha mjini. Alikuwa mgonjwa siti ya nyuma siku ile ya Himo, anasema ana haki.

Kwa sasa nimebandika karatasi kwenye usukani kwa herufi kubwa: USIZUNGUSHE. Mama ameisoma akauliza, "Hata mlango?"