Naomba ushauri: picha nyeusi na nyeupe za wapita njia mjini Arusha

Mwanzisha uzi
Habari zenu, wakuu. Kwa miezi minne sasa, kila Jumamosi, ninazunguka kati ya Mnara wa Saa na Soko la Kilombero nikipiga picha nyeusi na nyeupe za watu wanaopita, bila kuwapanga, kwa kuwa mtu akishaiona kamera hukaza uso kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Wiki iliyopita mama mmoja muuza ndizi alinishika mkono akaniuliza nitamlipa shilingi ngapi, maana watu huondoka na sura yake kila siku. Niliifuta picha mbele yake, lakini jibu sikuwa nalo. Tatizo la pili ni kwamba picha za mchana hutoa mashati yanayong'aa na nyuso zisizo na macho. Natumia lenzi ya milimita 35. Nirekebishe nini?

Fundi wa Moshi
Saa sita jua letu huwa karibu utosini, na paji la uso au ukingo wa kofia huyafunika macho kwa kivuli, kwa hiyo piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Kamera nayo hupima wastani wa mwanga: ikiona ukuta mweupe hupunguza, na uso wa mtu mweusi huzama. Pima mwanga wa uso wenyewe, hata ukuta ukitoka mweupe mtupu. Weka tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/500 ya sekunde, na fokasi (umbali ambao lenzi inalenga) uifunge kwenye mita 3. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35), kuanzia mita 2 hivi hadi 7 patatoka wazi bila ukungu, nawe hutahangaika kutafuta fokasi mtu akipita. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifunika kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica ili asionekane. Kwetu nisingekushauri hivyo. Anayejificha na kamera sokoni hudhaniwa mpelelezi.

Mama wa Mitumba
Mwanangu, mimi ndiye ninayepigwa picha hizo. Kinachotuuma si kupigwa, ni kutojua picha imekwenda wapi. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingawa sokoni hakuna anayekuja na kitabu cha sheria. Piga, kisha sogea, salimia, onyesha picha. Akikataa, futa kama ulivyofanya. Akikubali, msafishie nakala moja umpelekee. Watoto na wagonjwa usiwaguse bila wenyewe kuridhia.

Fundi wa Moshi
Hapo kwenye nakala naunga mkono.

Mwanzisha uzi
Nashukuru, na mama shikamoo. Kwa kuwa picha ya yule muuza ndizi nimeshaifuta, Jumamosi nitafika saa moja na nusu, ninunue chane moja, nimweleze ninachofanya, kisha nimwombe upya.