Sailensa zinazokatwa Malindi: nguvu ya gari au kelele tupu?

Mkaazi wa Barabara ya Lamu: Jamani, hoja mezani. Ijumaa na Jumamosi, ikigonga saa nne usiku, magari yaliyokatwa sailensa, kile kitungi cha kupunguza mlio kwenye bomba la moshi, yapanda na kushuka mbele ya mlango wangu. Mwanangu ana miezi mitano, kila likipita moja huruka kama aliyemwagiwa maji. Nasema gari la hivyo likamatwe, na fundi aliyelikata atozwe naye. Mwenye kupinga aje.

Mwenye Subaru: Napinga mie, dada. Si kila mlio ni uhuni. Nilibadilisha ekzosi yote, yaani bomba la moshi, kutoka kwenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa) hadi nyuma, na gari limekuwa jepesi. Nikienda Mombasa nalipita lori bila kupunguza gia. Na spika za wanasiasa mbona hamzisemi?

Fundi, Maweni: Kwa Subaru yake asema kweli. Turbo huzungushwa na moshi wenyewe, kwa hiyo bomba likiwa pana nyuma yake, turbo huwahi kushika kasi na nguvu huongezeka. Lakini wateja wangu wengi huja na vigari vya injini ndogo, cc 1500, visivyo na turbo. Hapo ukikata sailensa, mguu hauhisi tofauti. Bomba likizidi upana, moshi hupoteza mwendo, na ule mvuto unaosaidia silinda nyengine kupumua hupungua. Gari huwa zito kuondoka. Mtu hudanganywa na sikio lake, akisikia mngurumo mgongoni adhani amekimbia. Pikipiki za kabureta ndizo huumia zaidi: wafungua bomba bila kubadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli, hewa yazidi petroli, valvu zaungua.

Tena wapo wanaong'oa katalisti, kile kitungi cha kusafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, kwa sababu ndani mna madini ya platini na paladi yenye soko. Likiachwa tundu chini ya sakafu ya gari, kaboni monoksidi, gesi ya sumu, hupanda hadi kwenye viti, na gesi hiyo haina harufu.

Nami nakiri, nimekata nyingi. Mtu amekuja na pesa mkononi, ataka "isikike". Nimwambieje?

Mkaazi wa Barabara ya Lamu: Mwambie hapana, fundi! Na hizo spika za wanasiasa zina msimu wake. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zaweka mwisho wa desibeli 35, kipimo cha kelele, usiku penye makaazi. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikizidi 10 tu, sikio lasikia kama kelele imekuwa maradufu.

Dereva wa boda: Mie mlio waniokoa. Lori likinisikia hunipisha.

Fundi, Maweni: Kijana, mlio wako waelekea nyuma. Lori liko mbele yako, na dereva kafunga vioo, redio iko juu. Piga honi.

Mwenye Subaru: Haya, tusikizane. Zipo sailensa zenye vali, kijilango cha kupitisha moshi: mjini waifunga, gari lanyamaza; ukitoka Gede waifungua. Bei yake yauma, ila mie niko tayari kununua. Hapo dada utaniacha?

Mkaazi wa Barabara ya Lamu: Nitakuacha. Lakini saa sita ya usiku, na marafiki wanne ndani ya gari wakikutia hamasa, ni nani atakayeikumbuka hiyo vali?