Naomba ushauri: Fast Startup niizime au niiache?

Wakuu, habari za majukumu. Nina kompyuta ya steshenari, Windows 10, RAM GB 4, bado inatumia diski ya kawaida (HDD). Fast Startup (kipengele cha Windows cha kuharakisha kuwaka) ikiwa imewashwa, kompyuta inawaka chapchap, ila kuna asubuhi printa haionekani kabisa: taa yake ni ya kijani, waya umechomekwa vizuri, lakini kwenye kompyuta inasomeka "Offline". Nikifanya Restart inarudi.

Ninavyoelewa, Fast Startup inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski, kwa hiyo ukizima kawaida haianzi upya kabisa. Restart ndiyo inaanza upya. Nimebadilisha waya wa USB na kuweka upya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia printa), hali ni ileile. Nilipoizima Fast Startup printa ilitulia, lakini sasa kuwaka kunachukua muda mno, na asubuhi ndipo wanafunzi wanajaa kutoa kopi.

Je, kuna namna ya kuiacha Fast Startup bila printa kusumbua? Au niizime moja kwa moja nifunge SSD (diski ya kisasa yenye kasi zaidi), na kwa RAM hii nitaona tofauti? Umeme kwetu unakatika ghafla, hivyo usalama wa mafaili ya wateja naujali kuliko kasi.