Ushauri: nahakiki kitabu cha mijusi ya Tendaguru, wachimbaji wetu niwaweke wapi?

Mtu wa Ng'apa: Habari za jioni wanajamvi. Niko Lindi mjini, tuna kikundi cha kusoma vitabu vya viumbe wa kale na maisha ya wanasayansi. Zamu hii nahakiki kitabu cha Gerhard Maier cha mwaka 2003 kuhusu uchimbaji wa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, huko Tendaguru, kilima cha huku Lindi. Wenzangu wengi hawasomi Kiingereza, kwa hiyo watakachokijua ni kile nitakachoandika mimi. Nikimweka katikati Werner Janensch, aliyeongoza Wajerumani kuanzia 1909, naona nawaacha babu zetu waliochimba na kuibeba mifupa hadi bandari ya Lindi. Nikiwaweka wao, nitakuwa nahakiki kitabu ambacho hakijaandikwa. Nifanyeje?

Bi Korosho: Mwanangu, anza na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji ambaye Janensch alimtegemea sana. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 akaja Wamweracaudia keranjei: Wamwera, kabila la huku, wamo humo, na Mohammadi Keranje aliyeongoza kumfukua yumo. Kitabu cha 2003 kisingeweza kuwa na hayo, kwa hiyo unayo ya kuongeza bila kumwonea mwandishi.

Msoma Taratibu: Naafiki, ila uhakiki usigeuke hotuba. Watu wanataka kwanza kujua kitabu kinasema nini na kinasomekaje. Chagua mfupa mmoja uufuate. Yule Giraffatitan, mjusi wa Tendaguru mwenye shingo ndefu aliyeko makumbusho ya Berlin, mfupa wake wa mkono wa juu una mita 2.13, unampita mtu mzima kwa urefu. Nani aliufukua? Ulifungwaje? Ulipita njia gani kufika pwani? Mwandishi akijibu, msifu. Akiruka, sema karuka, na utaje ukurasa.

Mkuu wa Mikindani: Waingereza nao wasisahaulike. Mwaka 1924 walikuja kuchimba William Cutler na Louis Leakey, kijana wa miaka 20 mzaliwa wa Kabete, Kenya. Leakey aliondoka, Cutler akabaki, akafa kwa malaria hapo hapo Lindi mwaka 1925. Mimi wasifu wa mwanasayansi unaokimbilia ugunduzi na kuruka homa na njaa huwa siumalizi.

Mtu wa Ng'apa: Shikamoo Bi Korosho, na asanteni wote. Boheti atafungua, mfupa utafuata. Limebaki moja: kuna mzee upande wa Mipingo anasimulia aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu wapagazi. Naweza kuyaingiza?

Bi Korosho: Marahaba. Yaingize, ila mwombe ruhusa kwanza, na ukimaliza kuandika umsomee aya yake asikie ulivyomnukuu.

Msoma Taratibu: Na iwe aya ya peke yake, useme wazi ni masimulizi ya mzee, msomaji asije akadhani yametoka kwa Maier.