Tiba ya kinga kwa saratani: ile dripu inafanya nini hasa?

Mgeni wa Ngamiani
Habari za jioni wadau. Mgonjwa wetu ana saratani ya mapafu, na Dar wametutajia "tiba ya kinga". Tupo Tanga. Hii dawa inafanya nini? Ni jamii moja na mlonge na zile unga za kuongeza kinga zinazouzwa mitaani? Na akirudi nyumbani tuangalie nini?

Nesi wa Dripu
Pole kwa kuuguza. Nianze na mlonge, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya. Si jamii moja hata kidogo. Kinga ya mgonjwa wako huenda ina nguvu za kutosha, ila imefungwa mikono. Seli T, ambazo ni askari wa damu, zina kitufe kiitwacho PD-1, yaani breki ya kuzituliza zisiushambulie mwili wenyewe. Saratani nyingine hujivika protini iitwayo PD-L1 na kukibonyeza kitufe hicho. Ni kama mwizi anayemwambia mlinzi wa geti "mimi wa humu humu", naye anamfungulia. Dripu hii, yaani pembrolizumab au nivolumab, hukifunika kitufe, basi saratani ikija kubonyeza inakuta pameshazibwa. Dawa yenyewe haiui saratani. Kazi hiyo ni ya seli T zake. (James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuvumbua habari hii ya breki.)

Kwa hiyo haimfai kila mtu. Kabla hamjatoa hela, na ni hela nyingi, ulizeni majibu mawili ya kile kinyama cha uvimbe kilichokatwa kupimwa. La kwanza ni vinasaba vya EGFR na ALK: vikiwa na hitilafu, kwa kawaida huanzwa vidonge maalumu, si dripu hii. La pili ni PD-L1, yaani ni asilimia ngapi ya seli za saratani zilizojivika hiyo. Ikifika asilimia 50 au zaidi, dripu inaweza kutolewa peke yake. Chini ya hapo mara nyingi huchanganywa na kemo.

Pembrolizumab ni miligramu 200 kila wiki 3 au 400 kila wiki 6, na hutiririka kwa dakika 30. Kwa mtu wa kupanda basi kutoka Tanga, hiyo ya wiki 6 iulizieni mapema. Kabla ya kila dripu hupimwa damu: ini, figo, sukari na tezi ya shingo.

Mfamasia Pwani
Naongezea la nyumbani. Breki ikishatolewa, askari wanaweza kugeukia mwili. Nywele hazinyonyoki kama kwenye kemo, ndiyo maana watu hujisahau.

Choo kihesabuni. Kama kawaida yake ni mara 1 kwa siku na leo ameenda mara 5, pigeni simu leo hii. Akifika mara 8, au mkiona damu, ni hospitali moja kwa moja. Kosa la huku kwetu ni kukimbilia duka la dawa, kununua Flagyl, na siku tatu zinakatika. Hapo huenda hakuna mdudu, utumbo unachomwa na kinga, na ukiachwa unaweza kutoboka.

Kikohozi kikavu kipya au kuhema akipanda ngazi ni vivyo hivyo, hakusubiriwi. Macho ya njano, upele unaosambaa, kizunguzungu akisimama, kiu na mkojo wa kila saa: semeni siku hiyohiyo. Homa ikija pimeni malaria, sawa, lakini kipimo kikikataa msimpe mseto wa kubahatisha.

Dawa ya madhara makali ni prednisoloni, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 anaweza kumeza vidonge 12 vya miligramu 5 kwa siku, msishtuke. Hushushwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi. Wanaokatisha wakiona nafuu ndio moto unaowarudia. Lakini aiandike daktari, msijinunulie.

Mgeni wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Akimaliza dripu, hatari imekwisha? Na unga za kinga aache?

Nesi wa Dripu
Haijaisha. Madhara yanaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Majani ya mlonge kama mboga ale tu. Unga usiojulikana umechanganywa nini aache, kwa sababu vipimo vya ini vikipanda hakuna atakayejua mchawi ni nani. Akiwa na ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili kama lupasi, au figo ya kupandikizwa, daktari ajue kabla ya dripu ya kwanza. ARV si kizuizi, ila zitajeni.

Halafu andikeni kwenye karatasi jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya kliniki ya Dar, muibane kwenye kadi yake. Mkifika hospitali ya Bombo usiku msiseme "yuko kwenye kemo". Wa kemo akiwa na homa, daktari huwazia kwanza chembe nyeupe zilizoshuka na vijidudu. Wa tiba ya kinga anahitaji pia kuwaziwa kinga iliyopanda mori. Toeni karatasi ile kwanza, maelezo baadaye.