Kamera ya mkanda yenye otofokasi kwa bei ya mitumba: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mwana_Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Jumamosi nilikuwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye meza moja ya vifaa vya mitumba nikakuta kamera tatu za mkanda, zote za otofokasi, yaani zinatafuta umbali zenyewe. Nikon L35AF anataka elfu 60, Olympus mju elfu 90, na Canon EOS 300 yenye lenzi ya zumu elfu 110. Muuzaji amekubali kuniwekea mpaka Ijumaa.

Kazi yenyewe ni bibi yangu aliyeko Tukuyu. Hapendi kusubirishwa. Simu nikiinyanyua tu anakaza uso kama anapigwa picha ya paspoti. Marehemu babu alikuwa na kamera ya kuzungusha fokasi kwa mkono, na mpaka aupate umbali, kicheko kilikuwa kimeshapita. Albamu yote nyumbani ni watu waliosimama wima. Mimi nataka nikibonyeza iwe imeshapata. Picha 36, nizisafishe, zibandikwe kwenye albamu ileile. Nisaidieni kulinganisha.

Fundi_Gangilonga
Kamwene, nakuandikia kutoka Iringa. Kabla ya lenzi, uliza betri. L35AF inatumia betri mbili za AA, zilezile za saa ya ukutani. Zikiisha ukiwa Kiwira au Katumba, duka la kwanza unaloingia unazipata. mju inataka CR123A moja, EOS 300 inataka CR2 mbili. Hizo mimi naagiza Dar na zinakuja na basi.

Sasa lenzi. L35AF ilitoka 1983, ndiyo kamera ndogo ya kwanza ya Nikon yenye otofokasi, miaka sita baada ya Konica C35 AF iliyokuwa ya kwanza duniani kuuzwa kwa wingi. Lenzi yake ni milimita 35, tundu la mwanga f/2.8, na ni kali kweli. Ukibonyeza kitufe nusu, chini ya kioo cha kuchungulia kuna mshale unaokwenda kwenye alama: kichwa cha mtu, watu wawili, au mlima. Kwa hiyo unajua imeshika nini kabla hujapoteza picha. Kwa bei hiyo sijaona kamera inayokuambia ukweli namna hii.

Tahadhari moja. Hizi kamera ndogo zinapima umbali kwa mwanga usioonekana unaorushwa katikati ya fremu. Watu wawili wakikaa bega kwa bega wakaacha uwazi katikati, mwanga unapita pale kati. Nina picha ya mama na mama mdogo pale Isimila, nguzo za mawe nyuma yao zinahesabika mstari kwa mstari, nyuso zao zimefifia. Hawapo wote wawili sasa, na ile siku hairudi. Kwa hiyo: elekeza katikati kwenye uso wa mmoja, bonyeza nusu, shikilia, ndipo urudishe fremu unavyotaka na umalizie.

Binti_Makete
Namuunga mkono kaka hapo juu kwenye lenzi, ila kwenye betri naomba nitofautiane kidogo. Huku Makete mwezi wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Betri za AA za kawaida zinachoka haraka kwenye baridi. CR123A ni ya lithiamu na inastahimili. Nikienda Kitulo kupiga maua asubuhi na kamera ya AA, betri nazitembeza mfuko wa ndani, nazitia nikifika.

mju ni ya 1991, lenzi milimita 35 f/3.5, inaingia mfuko wa koti na huioni. Kifuniko ukikisukuma iko tayari. Kwa mtu asiyependa kamera hiyo ni faida kubwa. Lakini kila ukiifungua, flashi inarudi kwenye otomatiki. Jikoni kwa bibi, mwanga wa dirishani ule mzuri unauawa na flashi kama umesahau kuizima. L35AF nayo flashi inachomoka yenyewe kwenye giza, ila pale unaweza kuizuia tu kwa kidole isiinuke.

Picha_za_Harusi_Mbeya
Mimi nipo upande wa EOS 300. Ni ya 1999, lakini inapokea lenzi zote za EF, za kubadilisha za Canon, hizihizi ninazotumia kwenye Canon ya dijitali ukumbini. Zile za EF-S haziingii, angalia herufi. Ukipata milimita 50 f/1.8 ya kuazima, umepata picha za bibi ambazo kamera ndogo haitakupa: uso peke yake, nyuma kumelainika. Ina nukta saba za fokasi, kwa hiyo shida ya bega kwa bega haipo sana.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Ukiweka mkanda, inauvuta wote nje ya kopo kwanza, halafu kila picha uliyopiga inarudishwa ndani ya kopo. Mtoto akifungua mlango wa nyuma kwa bahati mbaya, zilizokwisha kupigwa ziko salama.

Udhaifu wake ni ukungu. Fokasi yake haipimi umbali kwa kurusha mwanga, inalinganisha mistari na tofauti za weusi na weupe inazoziona. Ukungu wa Rungwe ukishuka na kila kitu kikawa kijivu kimoja, lenzi inasaka mbele na nyuma bila kutua. Dawa yake ni kuielekeza kwenye pindo la kitenge au ukingo wa kofia.

Mzee_wa_Uyole
Wanangu mmezungumza kamera, hakuna aliyegusa kusafisha. Mwana Tukuyu, anza na mkanda wa nyeusi na nyeupe usafishe mwenyewe. Dawa zake zinataka nyuzi 20, na sisi Mungu ametupa maji ya baridi bombani. Dar wanahangaika na barafu; mimi mwezi wa sita napasha kidogo tu. Mkanda wa HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kiasi sawa, dakika 13, unatingisha kila dakika. Mkanda wa rangi unataka nyuzi 38 zisizoyumba, hiyo ni kazi nyingine.

Na ukirudi Mwanjelwa, fungua kitundu cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, punguziwa bei au acha. Kisha gusa sponji nyeusi pembeni mwa mlango wa nyuma. Ikinata kidoleni imeoza, mwanga utaingia. Kubadilisha si kazi ngumu, lakini uijue kabla hujatoa hela.

Mwana_Tukuyu
Shikamoo mzee, na ndaga fijo wote. Nimechukua L35AF kwa elfu 50, maana sponji ilinata kama alivyosema mzee na muuzaji akakubali. Betri nimenunua hapohapo sokoni. EOS naifikiria bado, kaka wa harusi nitakutafuta kuhusu hiyo milimita 50.

Jana nilishuka Tukuyu. Bibi alikuwa barazani anapukuchua mahindi kwenye ungo, ukungu umefunika migomba yote. Nikaelekeza kwenye uso wake, nikabonyeza nusu, mshale ukakaa kwenye kichwa cha mtu. Akainua macho akaniuliza kama nimekula. Nikamalizia kubonyeza. Akasikia mota ikisogeza mkanda, akasema, "Mbona hukuniambia nijiandae?" halafu akaendelea na mahindi yake.

Zimebaki 22.