MJADALA: Barabara ya Kisumu ipewe jina la Grace Onyango au Phoebe Asiyo?

Mwanamtaa: Wote wametutoka, Onyango 2023, Asiyo 2025. Mimi nasema Asiyo. Hoja yake ya 1997 ya kuwatengea wanawake nafasi, wabunge waliitupa, lakini sheria ya leo kwamba jinsia moja isipite theluthi mbili ya viti ilianzia hapo.

JiraniKondele: Onyango, tena mapema. Meya wa Kisumu 1965, mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa mbunge 1969. Asiyo aliingia Bungeni 1980, mlango tayari uko wazi.

MtuWaBondeni: 1969 mnaiita uchaguzi? Chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku Oktoba, Desemba watu wakapewa chama tawala KANU tupu. Ni vile viti vya bure tu, kama hawa wawakilishi wa wanawake.

JiraniKondele: Chama kimoja si mgombea mmoja, mzee. Vita vilikuwa kwenye mchujo wa KANU. Mama alirudi 1974, akarudi 1979. Na 1975 alikaa kwenye kamati ya Bunge ya Mwangale iliyochunguza mauaji ya mbunge JM Kariuki. Hicho ndicho kiti cha bure?

WakiliMilimani: Bondeni, unachanganya. Mwakilishi wa wanawake hupigiwa kura na kaunti nzima, mbunge na eneobunge moja. Wanawake wa nyongeza wanaoteuliwa kutimiza theluthi ni wale wa bunge la kaunti. Kisumu ina wadi 35. Tuseme wanaume wameshinda 31, wanawake 4. Ili wanaume wasipite theluthi mbili, jumla lazima ifike 47, kwa hiyo wanaongezwa wanawake 12. Kila chama hupata kulingana na wadi zake, majina yakitoka kwenye orodha iliyopelekwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya kura. Uozo huanzia kwenye orodha hiyo: shemeji juu, aliyezunguka na kampeni chini.

Mwanamtaa: Na Bunge la Taifa?

WakiliMilimani: Kifungu cha 97 cha Katiba, cha Bunge la Taifa, hakina nyongeza kama ile ya 177, ya kaunti. Viti 349, theluthi inayotakiwa ya wanawake ni 117. Kurekebisha Katiba kunataka kura 233, na siku ya kura wabunge hawaonekani. Maraga, Jaji Mkuu wa wakati huo, alishauri Bunge livunjwe 2020 kwa sababu hiyo. Lilivunjwa?

MtuWaBondeni: Wakili, nani anakulipa? Hao 12 mshahara wao ni kodi yangu. Na huyo wa kaunti nzima hata CDF, ile hazina ya maendeleo ya eneobunge, hana.

JiraniKondele: Ana NGAAF, hazina ya serikali ya kuwainua wanawake na vijana. Basari za huko kwenu unadhani zote ni za mbunge?

MtuWaBondeni: Basari gani? Taja shule moja.